Kuhamia Dar na watoto wadogo: usianze na kodi

Mwenye familia anayehamishiwa Dar es Salaam kikazi huanza kwa kuulizia kodi, na dalali humjibu hivyo hivyo: Sinza laki nne, Mbezi kwa ndani laki mbili na nusu, tena vyumba vitatu, uzio na nafasi ya gari. Kwa mwenye mtoto wa miaka 3 na mwingine anayeingia darasa la kwanza, hiyo ni nusu ya habari. Bado hajajua mtoto ataamshwa saa ngapi, maji ya kuoga yatatoka wapi, na homa ikimpanda usiku wa manane atakimbizwa wapi.

Tupige hesabu ya mfano kwa nyumba hizo mbili. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, na dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja. Kuingia Sinza ni 2,800,000. Mbezi ni 1,750,000. Kwa ambaye mfuko hauruhusu zaidi, mjadala unaishia hapo, na hakuna wa kumlaumu. Ila nyumba ya Mbezi iko mbali na lami. Baba na mama wakipanda bodaboda kwa 1,000 kila mmoja asubuhi na jioni, ni 4,000 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi ni 88,000. Ongeza gari la shule la mtoto, tuseme 60,000. Jumla ni 148,000 kila mwezi, wakati nafuu ya kodi uliyoifurahia ni 150,000. Hapo boza la maji bado halijaja.

Halafu kuna gharama isiyolipwa kwa fedha. Simama kituo chochote cha pembezoni saa kumi na moja na nusu alfajiri uangalie gari la shule linavyopita kukusanya watoto. Wa kwanza kuchukuliwa ndiye wa mwisho kurudishwa, na mara nyingi ndiye anayekaa mbali kuliko wote. Utamwona wa chekechea amelalia dirisha mdomo wazi, chupa ya uji iko mapajani haijafunguliwa, na sweta limevaliwa kinyume kwa sababu alivishwa akiwa usingizini. Mtoto huyo akifika darasani amechoka, na jioni wazazi wanapotoka foleni anakuwa amelala tena. Mimi gharama hii naiweka juu ya kodi.

Ndiyo maana kwa wenye watoto wa chini ya miaka 6, na wazazi wote wawili wanafanya kazi Posta, Kariakoo au Mwenge, ninapendekeza nyumba ndogo Sinza au Tabata kuliko nyumba kubwa ya pembezoni kama Madale. Sinza ilipimwa viwanja miaka ya 1970, na mitaa yake bado inapitika: daladala ni nyingi, na hospitali ya serikali ya Palestina iko hapo hapo. Ubaya wake ni kelele. Nyumba inayoonekana tulivu Jumanne mchana inaweza kuwa imepakana ukuta na baa, kwa hiyo rudi Ijumaa saa nne usiku kabla hujatoa hata senti. Tabata ina bei ya kati na mchanganyiko mzuri wa familia, lakini inabidi uchague mtaa kwa makini, kwa sababu upande mmoja unateremkia Bonde la Msimbazi.

Kimara na Mbezi zimebebwa na mwendokasi, ulioanza 2016 kati ya Kimara na Kivukoni. Ukipata nyumba ya kutembea kwa miguu hadi kituoni, umepata. Uliza shule iko upande gani wa Barabara ya Morogoro. Kuanzia Kimara kwenda Kibaha barabara ina njia nane, na mtoto wa darasa la pili hapaswi kuivuka peke yake.

Kigamboni inawafaa zaidi wanaofanya kazi huko huko au wanaoweza kukaa nyumbani siku kadhaa za wiki. Kibada ilipimwa kwenye mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002; kuna hewa, na watoto wana pa kuendeshea baiskeli. Tatizo ni kuvuka kwenda mjini. Pantoni ina foleni zake, na Daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016, lina tozo kwa vyombo vya moto. Hospitali ya Vijibweni ipo, ila mgonjwa wa rufaa atavushwa kwenda Muhimbili.

Popote utakapochagua, mambo ya mvua usimuulize dalali. Tembea mtaani ukitazama chini. Nyumba yenye tofali mbili zilizojengwa kuziba sehemu ya chini ya mlango imewahi kuingiwa na maji. Mstari wa tope unaofika usawa wa goti kwenye ukuta wa jirani unakuonyesha kimo cha mafuriko. Muulize mama wa genge kama kuna wanaotapisha vyoo mvua ikinyesha; atakujibu bila kuficha, maana wanawe wanacheza hapo. Mtoto wa miaka mitatu hushika kila kitu na kupeleka mdomoni, kwa hiyo mtaa wa namna hiyo uachane nao hata kama kodi yake ni nusu. Ukutani angalia pia alama ya X nyekundu, ya nyumba inayotakiwa kubomolewa. Mwaka 2017 nyumba nyingi za kandokando ya Barabara ya Morogoro zilibomolewa kupisha upanuzi.

Ndani ya nyumba, fungua bomba na uonje maji: ya visima vingi vya Dar yana chumvi, na ya kunywa utanunua. Uliza mita ya LUKU ni yako peke yako au mnachangia. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme, hivyo anayeilipa ni wewe unayenunua luku. Kubalianeni mapema na mwenye nyumba irudishwe kwenye kodi ya pango, na iandikwe kwenye mkataba.

Unayehamia Januari, omba ulipe miezi 3 kwanza badala ya 6. Wapo wanaokubali, hasa nyumba ikiwa imekaa tupu muda mrefu. Masika yakianza Machi, utakuwa umeiona nyumba kwenye mvua kabla hujalipa awamu ya pili.