Fahamu: Kabla ya kumpeleka mwanao kusomea udaktari ng'ambo

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mzazi wa Mpanda mwenye mtoto aliyesoma PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) huanza kupiga hesabu. Nafasi za vyuo vya udaktari vya Muhimbili, Bugando na KCMC hugombewa na nchi nzima, na ada ya vyuo binafsi ni mzigo. Ndipo mawakala hutaja China, Urusi au India.

Ada ya huko inaweza kweli kuwa nafuu. Lakini ongeza nauli, viza, bima, chakula na kupanda kwa dola. Swali zito zaidi ni wodini: mgonjwa wa China anaeleza maumivu yake kwa Kichina, hata kama mhadhara ni wa Kiingereza. Mwanafunzi asiyejifunza Kichina atabaki kuangalia tu, na udaktari haujifunzwi kwa kuangalia.

Misukosuko nayo ipo. Machi 2020 China ilifunga mipaka, wanafunzi wengi wakasomea mtandaoni kwa zaidi ya miaka miwili. Februari 2022 vita viliwakimbiza Watanzania waliokuwa wakisoma Ukraine.

Chuo kizuri cha nje si kosa. Kosa ni kulipa kabla ya kuiuliza Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kama inakitambua, na kuondoka bila cheti chake cha kutokuwa na pingamizi. Mwanao akirudi, atahitaji pia kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mzazi, usiuze shamba kwa maneno ya wakala. Waulize TCU kwanza.