Kabla Ununue Kadi ya Grafiksi ya PC Yako ya Ex-UK, Fungua Keisi Kwanza

Umekuwa ukiweka doh pole pole miezi kadhaa sasa. Soo mbili leo, soo tatu wiki ijayo, na hujaambia mbogi. PC yako ni ile ya ofisi iliyotumika ng'ambo ikaletwa huku, Dell OptiPlex ama HP EliteDesk, ile watu wa tao huita ex-UK. Inafungua Windows poa, inacheza muvi bila noma, lakini ukiweka GTA V inakohoa kama mathree mzee akipanda mlima na abiria wamejaa. Sasa umeona kadi ya grafiksi mtandaoni. Bei iko sawa, picha zinang'aa, na muuzaji anakuambia "imebaki moja tu, bro". Kidole tayari kiko kwa M-Pesa.

Shikilia hapo hapo.

Kadi poa kwako si lazima iwe ile kubwa zaidi doh yako inaweza kununua. Ni ile mashini yako inaweza kubeba: kwa nafasi, kwa stima na kwa prosesa. Wasee wengi huanza na kadi, halafu wakifika keja ndio wanagundua haiingii, ama haina waya wa kuilisha, ama imeingia lakini gemu bado inakwama. Sisi tutaanza na mashini, kadi ije mwisho.

Kwanza, jua uko na mwili gani

Hizi PC za ofisi huja kwa saizi tofauti. Kuna tawa, ile imesimama na ina tumbo pana. Halafu kuna ile nyembamba inaitwa SFF, ambayo wasee wengi hulaza chini ya skrini. Kama yako ni tawa, una bahati, juu kadi nyingi za kimo cha kawaida zitaingia. Kama ni SFF, unahitaji kadi ya kimo kifupi, ile wauzaji huita lo profaili. Tena lazima ikuje na kile kibati kifupi cha nyuma. Ukipewa kadi fupi na kibati kirefu, keisi haitafunga.

Toa kifuniko uangalie ile sloti ndefu ya PCIe, ile ya x16. Chukua rula. Pima urefu kutoka ukuta wa nyuma wa keisi mpaka kitu cha kwanza kinachozuia. Kisha cheki unene: kadi nyingi zina feni nene na hukula nafasi ya sloti mbili. Kwa SFF zingine, pawasaplai imekaa karibu sana na ile sloti, kwa hivyo kadi nene haipiti hata ukisukuma na maombi. Andika hivyo vipimo kwa simu, juu vitakuokoa ukifika dukani.

Pili, stima: hapa ndio wengi huchomekea

Unajua zile plot ambazo landlord amepiga marufuku coil na heater? Si roho mbaya. Laini ya stima haiwezi, na mmoja akiwasha, plot nzima inaingia giza. PC yako iko hivyo hivyo. Pawasaplai ya OptiPlex 7010 SFF ni 240W. Ya 9020 SFF ni 255W, na ya 9020 tawa ni 290W. Hiyo ndio stima ya kila kitu ndani ya mashini, kuanzia prosesa mpaka feni.

Sloti ya PCIe yenyewe hutoa stima isiyozidi 75W. Kadi ikitaka zaidi ya hapo, lazima iongezewe na waya kutoka kwa pawasaplai. Plagi ya pini 6 huongeza 75W, ya pini 8 huongeza 150W. Sasa fungua keisi yako utafute huo waya. Kwa mashini nyingi za ofisi haupo kabisa. Kama haupo, sheria yako ni moja: nunua kadi ya 75W kushuka chini, isiyo na plagi ya stima.

Kuna fundi atakuambia, "Hakuna shida, tunaweka adapta ya SATA." Kataa. Plagi ya SATA imeundwa kubeba karibu 54W kwa laini ya volti 12. Ukiilazimisha ilishe kadi inayotaka zaidi, waya unapata moto na plastiki inaanza kuyeyuka. Hapo utakuwa umepoteza kadi, na pengine mashini nzima.

Na kubadilisha pawasaplai je? Inategemea. OptiPlex 7010 ya tawa hukubali pawasaplai ya kawaida ya ATX yenye plagi ya pini 24. Ile 9020 ya tawa hutumia plagi yake ya pini 8 kwa madabodi, kwa hivyo utahitaji adapta maalum. HP nyingi za ofisi nazo zina plagi zao zenyewe. Ukiamua kubadilisha, usinunue ile nyepesi isiyo na jina imeandikwa 500W kwa stika. Hicho ndicho kifaa cha mwisho cha kubania doh.

Tatu, prosesa: usifunge injini ya basi kwa boda

Kama una i5-3470 ama i5-4590, una prosesa ya koa nne tu. Kwa gemu za zamani inatosha. Kwa gemu mpya, hata ukiipa kadi kali, itachelewa kuilisha kazi, na doh ya ziada uliyolipa inakaa bure.

Kuna testi ya bure kabisa. Fungua gemu yako, shusha resolushoni mpaka chini, hata 720p ama chini ya hapo, na uweke setingi zote kwa lo. Kama FPS inapanda sana, basi grafiksi ndio ilikuwa inakurudisha nyuma, na kadi mpya itakusaidia. Kama FPS haisongi, shida iko kwa prosesa ama RAM, na kadi haitakuponya.

Tukiwa hapo kwa RAM: ukiwa na 4GB, ama kipande kimoja tu cha 8GB, anza hapo. Vipande viwili vya saizi moja hufanya kazi haraka kuliko kimoja, na bei yake haifiki ya kadi. Mwenye i5 ya jenereshoni ya nne pia anaweza kuweka i7-4770 ama i7-4790 kwa madabodi ile ile, bora BIOS ikubali.

Sasa tuongee kadi

Hizi ni za wasio na waya wa ziada:

GTX 1650. Ilitoka 2019, ina 4GB, na nyingi hutosheka na 75W ya sloti. Kwa mashini nyingi za tawa za zamani, hii ndio ningekuambia utafute kwanza. Angalia picha vizuri, juu kuna modeli zingine zina plagi ya pini 6. Kuna za kimo kifupi pia, lakini huwa nene.

GTX 1050 Ti. Ni ya 2016, 4GB, 75W. Bado inasukuma GTA V na Valorant kwa 1080p bila aibu. Lakini jua hii: Nvidia waliacha kuitolea draiva mpya za gemu baada ya Oktoba 2025, imebaki za usalama pekee. Kwa hivyo ikubali tu kama bei yake iko chini sana ya 1650.

RX 6400. Ya 2022, 53W tu, nyembamba na fupi, inaingia hata kwa SFF yenye wivu. Shida ni mbili. Inatumia laini nne tu za PCIe, na imeundwa kwa PCIe 4.0. Mashini yako ya zamani iko kwa 3.0 ama chini, kwa hivyo inapoteza nguvu kiasi. Pili, haina sehemu ya kurekodi video. Kama unataka kustrimu gemu zako TikTok ama YouTube, hii si yako.

Nvidia T1000. Hii wengi hawaijui, juu iliundwa kwa kompyuta za wachoraji ramani na maengineer. Ndani ina chipu ya familia moja na GTX 1650, inakula 50W tu, ni fupi na nyembamba. Kwa mwenye SFF inaweza kuwa dawa. Ina matundu madogo ya mini DisplayPort, kwa hivyo hakikisha inakuja na adapta.

RTX 3050 ya 6GB. Ilitoka 2024, 70W, haihitaji waya. Ni kali kuliko zote hapo juu, lakini bei pia imesimama wima. Usiichanganye na ile ya 8GB, ambayo inataka waya.

Kama una tawa na pawasaplai ya maana, dunia inafunguka. GTX 1660 Super ina 6GB na hula 125W. RX 6600 ina 8GB na hula 132W, na kwa maoni yangu ndio kadi tamu zaidi kwa anayecheza 1080p na bajeti ya msoto. RX 580 ya 8GB hupatikana rahisi, lakini hula 185W na ni mzee wa 2017.

Za kukimbia: GT 710 na GT 730. Muuzaji atakuambia "iko na 4GB, bro". Hiyo 4GB ni kama meza kubwa kwa hoteli yenye mpishi mmoja: nafasi iko, chakula hakiji. GT 1030 nayo iko mara mbili, ya GDDR5 na ya DDR4. Ile ya DDR4 iko nyuma sana, na boksi zao zinafanana. Kadi za Intel Arc pia wacha kwa sasa, juu zinataka kitu kinaitwa Resizable BAR ambacho mashini hizi za zamani hazina.

Usiuziwe mbuzi kwa gunia

Ukienda Luthuli ama ukinunua kwa mtu mtandaoni, jua kuna kadi feki. Wajanja huchukua kadi za zamani kama GTS 450 ama GTX 550 Ti, wanabadilisha programu yake ya ndani, na inajiita GTX 1050 Ti hata ndani ya Windows. Dalili moja ni tundu la VGA. Chipu ya 1050 Ti haitoi VGA yenyewe, kwa hivyo ukiliona, shuku. Kuna pia RX 580 imeandikwa 2048SP. Hiyo kwa ukweli ni sawa na RX 570, isikuuzie bei ya kaka yake.

Dawa ni programu ya bure inaitwa GPU-Z. Ibebe kwa flash. Kadi ikiwa imedanganya, mara nyingi GPU-Z inaandika FAKE hapo hapo kwa jina. Halafu washa FurMark dakika kumi na tano. Angalia kama kunatokea vidoti, mistari ama rangi za ajabu kwa skrini. Sikiza feni. Joto likipita digrii 85 na bado linapanda, ujue kadi hiyo ina shida ama haijasafishwa miaka.

Kadi nyingi za RX 580 zilitumika kuchimba kripto usiku na mchana, mpaka Ethereum ilipobadilisha mfumo wake Septemba 2022 na kazi hiyo ikaisha. Kadi ya machimbo si lazima iwe mbaya, lakini usiinunue bila kuitesti.

Kama unaweza, beba PC yako mpaka dukani. Ndio, ni mzigo, lakini fare ya mathree ni ndogo kuliko kadi isiyowaka. Lipa baada ya kuona ikifanya kazi, na warranti iandikwe kwa risiti, si kwa mdomo. Anayesema "tuma kwanza ndio niweke kwa parcel" mwambie asante, siku njema.

Siku ya kuiweka

Zima, toa waya wa stima ukutani, gusa chuma cha keisi kwanza ndio utoe stima ya mwili. Ingiza kadi mpaka isikike ikibana. Skrini sasa chomeka kwa kadi, si kwa tundu la zamani la madabodi. Hapa wengi hupoteza jioni nzima wakidhani kadi imekufa. Skrini yako ikiwa ya VGA, utahitaji adapta ya HDMI kwenda VGA. Mashini ikikataa kuwaka, rudisha kama zamani kisha usasishe BIOS. Draiva chukua kwa tovuti ya Nvidia ama AMD pekee.

Na hesabu ya mwisho kabla utume doh: jumlisha kadi, adapta, pawasaplai na RAM. Kama jumla inakaribia bei ya tawa nyingine yenye prosesa mpya, usiwe na huruma na hii ulinayo. Iuze, ongeza hizo pesa, na uanze na mwili unaoweza kubeba kadi unayotaka. Ulijinyima miezi kupata hiyo doh. Rula na dakika kumi za kufungua keisi hazikugharimu kitu.