Lamu Moja, Nairobi Moja

"Mwalimu, hivi seneta ametufanyia nini?" Tangu nistaafu kufundisha historia na uraia, sijui ni mara ngapi nimeulizwa swali hilo pale Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu. Muulizaji huwa anataka kisima, dawa za zahanati au basari ya mtoto. Humwambia amebisha mlango sio. Zahanati ni ya gavana. Basari aiombe kwa mbunge, mwenye mfuko wa maendeleo ya eneo bunge (CDF). Seneta hana mfuko wa namna hiyo, na hakuajiriwa kwa kazi hiyo.

Siku ya uchaguzi mkuu Mkenya hupewa karatasi sita, na ile ya njano ndiyo ya seneta. Kaunti ziko 47, kila moja ina seneta mmoja wa kuchaguliwa, na mwenye kura nyingi hushinda hata asipofikisha nusu. Asiye na chama naye aweza kugombea, mradi aungwe mkono na wapiga kura 2,000 wa kaunti yake. Muhula ni miaka mitano na Katiba haikuweka kikomo cha mihula.

Katika sensa ya 2019, Lamu ilikuwa na watu 143,920. Nairobi ilikuwa na 4,397,073, zaidi ya mara thelathini yetu. Ndani ya Seneti, Lamu moja, Nairobi moja. Nina rafiki wa Nairobi anayeona huo ni uonevu mtupu. Nami humkumbusha kwamba kule Bunge la Kitaifa maeneo bunge yao ni 17, yetu mawili. Pawepo basi pahali pamoja ambapo wingi wao hautumezi. Hata Seneti ya kwanza, ya 1963, ilijengwa juu ya wazo hilo, mjumbe mmoja kwa kila wilaya. Ilivunjwa baada ya miaka mitatu, ikarudi na Katiba ya 2010. (Spika wa ile ya kwanza, Timothy Chokwe, alikuwa mtu wa Pwani, na Amason Kingi, aliyekalia kiti hicho 2022, ni wetu pia. Wapwani hatuchoki kulitaja hilo.)

Mbali na hao 47 wako maseneta maalum 20: wanawake 16, vijana wawili na watu wenye ulemavu wawili, kila jozi kati ya hizo mbili za mwisho ikiwa na mwanamume na mwanamke. Hawa hawazungukii kura. Chama huwasilisha orodha ya majina kwa tume ya uchaguzi, kisha hupata nafasi kulingana na viti kilivyoshinda. Ubaya wake ni kwamba mtu humwogopa aliyeandika orodha kuliko anavyomwogopa mpiga kura. Lakini bila orodha hizo, Seneti ya 2013 isingekuwa na mwanamke hata mmoja, maana kati ya wale 47 wa kuchaguliwa hakupatikana. Mwaka 2017 walipatikana watatu, na 2022 watatu tena.

Mswada ukiwa wa mambo ya kaunti, hakuna kura 67. Kila kaunti hupiga moja, kupitia seneta wake wa kuchaguliwa, na zikifika 24 mambo yamepita. Seneta maalum aliyejiandikisha kupiga kura Lamu yumo katika ujumbe wa Lamu na anashauri, lakini kura si yake. Wapo wanaolalamika. Mimi naona ndivyo ifaavyo. Vinginevyo vyama vingejaza majina ya watu wa miji mikubwa na ule usawa ungekufa. Jambo likiwa la taifa zima, kila mmoja hupiga yake, kama Oktoba 2024 Seneti ilipomwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua. Pale ilihitajika thuluthi mbili ya wote.

Kazi nzito ni pesa. Kila miaka mitano Seneti huamua kanuni ya kugawia kaunti fungu lao. Mwaka 2020 ilipendekezwa idadi ya watu ipewe uzito zaidi, na kaunti nyingi za Pwani na Kaskazini, zenye ardhi kubwa na watu wachache, zingepunguziwa. Vikao vikavunjika kimoja baada ya kingine. Siku moja ya Agosti, polisi waliwakamata maseneta watatu, wa Kakamega, Bomet na Samburu, wakati kura ikisubiriwa. Mwafaka ulipatikana Septemba 17, serikali ilipoahidi kuongeza fungu lenyewe ili pasiwe na kaunti ya kupoteza.

Pesa zikishafika, seneta humfuata gavana kuuliza zilivyotumika. Bunge la kaunti likipiga kura ya kumtimua gavana, kesi husikizwa Seneti. Ferdinand Waititu wa Kiambu aling'oka Januari 2020, Mike Sonko wa Nairobi Desemba mwaka huohuo. Martin Wambora wa Embu alitimuliwa 2014, mahakama ikamrudisha ofisini, na 2017 watu wa Embu wakamchagua tena.