NCHI JIRANI: Simu za Mpakani na Jozi za Masafa



Wanachama walio katika mashamba na viwanda vya karibu na mpaka wametuuliza mara nyingi: kwa nini simu inaonyesha vijiti vyote vya mtandao, lakini ukipiga haiendi? Swali hili si dogo. Siku hizi wengi wetu hupokea mshahara kwa simu. Simu ikikataa, mshahara umekwama. Kwa hiyo tumeona vema tulieleze jambo hili kwa lugha ya kawaida.

Njia mbili

Mazungumzo ya simu ya mkononi yana njia mbili. Njia ya kupanda hutoka katika simu kwenda mnarani. Njia ya kushuka hutoka mnarani kuja katika simu. Kila njia ina masafa yake ya redio, na masafa hayo mawili yakioanishwa huitwa jozi. Katika mpango wa kwanza wa GSM, simu hupeleka kati ya megahezi 890 na 915, na mnara hujibu kati ya 935 na 960. Tofauti ni 45 daima. Ukijua masafa ya kupanda, umekwisha kujua ya kushuka.

Lakini nguvu za pande hizi mbili hazilingani. Mnara hutoa makumi ya wati. Simu ya GSM katika masafa hayo haizidi wati 2, na simu nyingi za kisasa hutoa kama sehemu moja ya tano ya wati moja. Ni kama nyapara mwenye kipaza sauti na mfanyakazi anayemjibu kwa mdomo mtupu katikati ya mashine. Nyapara anasikika kiwanda kizima, lakini jibu halimfikii. Hiyo ndiyo siri ya vijiti: vinapima jinsi mnara unavyosikika kwako, havipimi jinsi wewe unavyosikika mnarani.

Mambo ya mpakani

Mawimbi ya redio hayaombi pasi ya kuvuka mpaka. Katika miaka ya 2000 Afrika Mashariki ilikuwa na makampuni ya GSM, na mengine, Tanzania na Kenya zikiwamo, yalitumia mtindo wa CDMA. Katika mpango mmoja wa CDMA, ule uitwao 850, minara hutangaza kati ya megahezi 869 na 894. Katika GSM iliyopanuliwa, simu hupeleka kati ya 880 na 915. Linganisheni hesabu hizo. Kuanzia 880 hadi 894, mnara wa mmoja unapiga kelele palepale ambapo mnara wa mwingine unategea sikio.

Mipango hiyo miwili ikikutana mpakani, mnara wa GSM husikia kelele za jirani badala ya simu za wateja wake. Kuuongezea mnara nguvu hakusaidii, kwa sababu tatizo si sauti yake bali ni masikio yake. Dawa za kawaida ni kuweka vichujio, kuinamisha antena, kupunguza nguvu ya mnara wa jirani, au kuacha masafa hayo bila kutumiwa. Haya yote yanataka mapatano. Ndiyo maana mamlaka za mawasiliano za nchi zetu hukutana katika jumuiya yao, EACO, yenye makao yake Kigali.

Jozi zinazobadilika

Jozi isiyobadilika ina hasara. Ukiacha kupandisha simu kwa 880 hadi 894, wenzao wa kushuka, 925 hadi 939, nao hulala bure, ingawa hawana kosa lolote. Ni sawa na kuegesha lori zima kwa sababu tela limeharibika.

Mitambo mipya imelegeza ndoa hiyo. Njia ya kushuka inaweza kuongezewa masafa yasiyo na mwenzake wa kupanda. Kipande kimoja cha kupanda kikizibwa na jirani, simu hupandishwa kwa kipande kingine, na kushuka kunabaki palepale. Mwaka 2018 kanuni za kimataifa za 5G ziliruhusu simu kushusha kwa masafa ya juu, karibu megahezi 3500, na kupandisha kwa 1710 hadi 1785. Sababu yake ni wazi: masafa ya chini hufika mbali zaidi, na simu yenye nguvu kidogo ndiyo inayohitaji msaada huo.

Tufanye nini?

Tusidanganyike kwamba mitambo peke yake inatosha. Simu ya bei nafuu haiwezi kutumia jozi hizi mpya, na mfanyakazi wa shambani hawezi kuambiwa anunue nyingine ili apate haki yake.

Kwa hiyo tunashauri matawi yafanye haya. Kwanza, andikeni mahali, siku na saa ambapo simu zinakataa, mkaipelekee mamlaka ya mawasiliano malalamiko ya pamoja. Pili, simu ikidakwa na mtandao wa ng'ambo ya mpaka, chagueni mtandao wenu kwa mkono katika mipangilio ya simu, msije mkatozwa gharama za ugenini. Tatu, katika mapatano na mwajiri, dai liwe kwamba mshahara uliokwama kwa sababu ya mtandao ulipwe taslimu siku ileile.

Mnyonge mmoja akisema, hasikiki. Tukisema pamoja, tutasikika. Umoja ni nguvu.