Hela za Mjerumani Ziwa Kisiba: faida iko kwenye sarafu au ufukweni?

TUKUYU: Kwa miaka mingi wageni wanaoshuka hadi Ziwa Kisiba, ambalo wengi hulijua kwa jina la Ziwa Masoko, wamekuwa wakiuziwa kitu kisichopatikana kwenye soko la ndizi la Tukuyu: sarafu za Mjerumani zilizookotwa majini na kandokando ya ziwa. Kwa mwenye mtaji mdogo swali ni moja. Je, bidhaa hiyo inalipa?

Ziwa lenyewe ni dogo. Lipo umbali wa takriban kilomita 15 kutoka Tukuyu, katika shimo la volkano lenye upana wa kama mita 700 na kina kinachozidi mita 35. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka juu ya ardhi. Juu ya kingo zake Wajerumani walijenga boma la mawe, na hapo Masoko ndipo ilipokaa Kampuni ya 5 ya jeshi lao la kikoloni. Tukuyu wakati huo iliitwa Neu Langenburg. Septemba 1914 kikosi hicho kilivuka mpaka kushambulia Karonga na kikarudishwa nyuma. Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia, na Wajerumani wakaondoka. Wenyeji husimulia kwamba kabla ya kukimbia walitumbukiza ziwani silaha na fedha ili adui asizipate. Boma halikubomolewa, baadaye lilitumika kama mahakama.

BEI HUPANGWA NA WINGI

Masimulizi ya hazina hupandisha bei, lakini mnunuzi mwangalifu hutazama kwanza ni sarafu gani iliyo mkononi. Mwaka 1904 Wajerumani waliacha hesabu ya pesa 64 kwa rupia moja, wakaanzisha heller 100 kwa rupia. Ndiyo asili ya neno letu "hela". Sarafu za heller moja ziligongwa kwa mamilioni huko Berlin na Hamburg. Bidhaa iliyojaa namna hiyo haiwezi kuwa na bei kubwa kwa wakusanyaji, hasa ikiwa imeliwa na maji. Uzee peke yake si thamani.

Rupia ya fedha ni habari nyingine. Ina uzito wa gramu 11.66, na asilimia 91.7 yake ni madini ya fedha. Hivyo hata ikiwa imechakaa ina kiwango ambacho bei yake haipaswi kushuka chini yake, yaani bei ya fedha sokoni kwa gramu zipatazo 10.7.

Walanguzi hupenda pia kutaja dhahabu. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo ipo kweli, na wakusanyaji huitafuta. Lakini iligongwa kwenye karakana ya reli Tabora mwaka huohuo wa 1916, idadi yake ikiwa elfu kumi na kadhaa tu. Uwezekano kwamba zilifika Masoko kwa wingi kabla ya Mei ni mdogo sana. Anayeletewa "tembo wa dhahabu wa Kisiba" kwa bei ya kutupa hana budi kudhani ni bandia mpaka mizani ya sonara iseme vingine.

Kuna na upande wa sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaweka masharti juu ya kutafuta, kuchimba na kusafirisha nje vitu vya kale. Anayefikiria kukodi wazamiaji au kununua kwa jumla aanze kwanza na Idara ya Mambo ya Kale. Vinginevyo mtaji wote unaweza kuishia mikononi mwa dola.

SOMO LA MATEMA

Mbali ya sarafu, Kisiba ina mali nyingine: maji, miti ya kingoni, boma na historia yake. Kulinganisha, inafaa kufuata barabara inayoteremka kutoka Masoko kupitia Ipinda hadi Matema, wilayani Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Hapo pana ufukwe wa mchanga chini ya Milima ya Livingstone, na nyumba za wageni zimejengwa. Historia ipo pia, kwani wamisionari wa Berlin waliingia nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891.

Lakini bidhaa inayojulikana zaidi huko ni chungu. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe hufinyanga, vyungu hupakiwa kwenye mitumbwi, na Jumamosi huuzwa kwenye soko la Lyulilo, jirani na Matema. Kutoka hapo wachuuzi huvisambaza mbali. Chungu kikiuzwa leo, kingine kinafinyangwa kesho. Hela ya Kisiba ikiuzwa imekwenda. Haitagongwa nyingine, na kila inayoondoka inapunguza sababu ya mgeni kuja.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Sarafu hamsini zikiuzwa mojamoja kando ya njia hulisha walanguzi kwa msimu mmoja. Sarafu hizohizo zikiwekwa kwenye kabati la kioo ndani ya chumba kimoja kijijini, kwa kiingilio, pamoja na mwongozaji anayeijua historia, mama lishe na mtumbwi wa kukodi, huingiza fedha kila mgeni anapofika. Mtaji unaotakiwa si mkubwa, ila unahitaji kibali na makubaliano na serikali ya kijiji.

Kwa wiki hii, basi, ushauri kwa wanunuzi ni huu: heller, usinunue kwa matumaini, rupia, pima kwanza, dhahabu, kaa mbali. Na kwa wenye sarafu Kisiba: msiuze zote.