KEKI YA MAHINDI, MBOGA NA JIBINI

Watu wengi wasikiapo neno keki huwaza sukari na siku ya arusi. Lakini iko keki nyingine, ya chumvi, ambayo ni chakula cha kushibisha, nayo yaweza kuokwa katika nyumba yo yote ya Songea hata kama haina jiko la umeme. Nataka kuwaeleza wasomaji namna ya kuioka, na sababu ya kila jambo.

Mkoa wetu wa Ruvuma, pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa, umejulikana tangu miaka ya 1980 kwa mavuno makubwa ya mahindi. Hata hivyo hutajwa pia miongoni mwa mikoa yenye watoto wengi waliodumaa. Yawezekanaje mtoto adumae penye ghala lililojaa? Jibu ni kwamba mahindi hushibisha, lakini protini yake peke yake haitoshi kuujenga mwili. Mdogo wangu wa miaka miwili alipenda uji mtupu, na kule kliniki mama aliambiwa amchanganyie vyakula vingine. Mboga alizitema, keki hii huila.

Kwanza tengeneza jibini. Chemsha lita 1 ya maziwa, epua, kisha tia maji ya ndimu 2 kidogo kidogo huku ukikoroga. Tindikali ya ndimu huzifanya chembe za protini ya maziwa zishikamane, na maji hujitenga. Chuja kwa kitambaa safi, funga, weka jiwe juu yake kwa muda wa saa moja.

Kisha twaa unga wa dona vikombe 2, unga wa ngano kikombe 1, baking poda vijiko vya chai 3 na chumvi kijiko cha chai 1. Unga wa ngano ni lazima, kwa kuwa ule wa mahindi hauna mvutano, na keki yake humomonyoka. Katika bakuli lingine piga mayai 3, maziwa ya mgando vikombe 2 na mafuta ya alizeti nusu kikombe.

Kwaruza karoti 2, katakata kitunguu na pilipili hoho. Fungu la mchicha lichemshe kidogo, ulikamue sana. Maji yakibaki, keki hubaki mbichi katikati. Changanya vyote pamoja na jibini iliyovunjwavunjwa, wala usikoroge mno. Baking poda ikilowa huanza kutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, ndiyo inayoumua keki, basi usikawie.

Sasa moto. Paka mafuta sufuria nzito, mimina rojo, funika kwa mfuniko wa bati. Weka makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Sababu ni hii: chini unga hugusa chuma chenye moto na huungua upesi, bali juu iko nafasi ya hewa kati ya mfuniko na keki, na hewa haipitishi joto vizuri. Baada ya dakika 45 hivi, choma kwa kisu. Kikitoka kikavu, keki imeiva. Kikitoka na rojo, ngoja kidogo. Pikeni nje, maana makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu ndani ya nyumba iliyofungwa.

Sufuria moja hutosha watu 8, nayo iliwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa jibini hii haikai.

Sisemi kwamba keki moja itaondoa udumavu. Lakini mahindi tunayo, mchicha uko bustanini, na kuku wanataga. Ndugu zangu wanafunzi, likizo ijayo msingoje mama awapikie. Washeni makaa, mpike ninyi, na wadogo zenu wale kwanza.