Kabla ya Kuwasha Mashine, Tupime Pembe



Wanakamati kadhaa wametuuliza kwa nini karakana ya vijana hapa Mitole ilikaa wiki mbili bila kutoa kazi, ilhali mashine ilikwisha kufika. Wahisani wetu nao wana haki ya kujua. Jibu fupi ni kwamba mashine ilikuwa imefungwa, lakini haijanyooshwa. Makala haya yanaeleza kunyoosha huko ni nini, na jinsi kamati yoyote inavyoweza kukukagua kwa tepu ya kupimia.

Milango iliyolala

Mashine yenyewe ni ndogo, ya kuchonga mbao kwa kuongozwa na kompyuta. Mafundi huiita CNC. Ilikuja kwa vipande ndani ya maboksi, na vijana wakaiunga wenyewe. Siku ya kwanza walikata milango minne ya kabati la darasa la chekechea, kwa mbao za mninga, kila mmoja upana milimita 600 na urefu milimita 800. Ukipima pembeni, vipimo vilikuwa sawa. Ukiuweka mlango kwenye fremu, haukai.

Vijana walidhani kompyuta imeharibika. Mzee mmoja seremala, aliyekuja kutazama tu, akaomba tepu. Akapima kutoka kona hadi kona ya mkabala, kisha kona mbili zilizobaki.

"Wajukuu zangu," akasema, "mlango huu umelala."

Vipimo vyake viwili vilipishana milimita 4. Milango yote minne ilikuwa hivyo hivyo. Fundi wa mkono akikosea, hukosea mlango mmoja. Mashine hurudia kosa lile lile katika kila mlango, wala haijui kwamba imekosea.

Mashine inatembeaje?

Mashine hii ina mihimili mitatu. X huenda kushoto na kulia, Y mbele na nyuma, Z juu na chini. Kifaa cha kukatia hubebwa na boriti inayopita juu ya meza kama daraja. Daraja hilo husukumwa na skrubu mbili ndefu, moja kila upande. Upande mmoja ukitangulia mwingine, daraja hukaa mshazari, na kila umbo la mraba hutoka limelala. Kompyuta huhesabu mizunguko ya mota tu. Pembe haizioni.

Hatua nne za kunyoosha

*Kwanza, meza isipinde.* Funga nyuzi mbili za kuvulia samaki kutoka kona hadi kona, juu ya fremu, kwa kimo kimoja. Zinapokutana katikati ziguse kidogo tu. Zikiachana au zikikandamizana, fremu imepinda. Weka vipande vya bati chini ya mguu unaohusika.

*Pili, reli zilingane.* Pima nafasi kati ya reli mbili mbele, katikati na nyuma. Vipimo vitatu viwe kimoja.

*Tatu, daraja likae pembe mraba.* Hapa ndipo penye kanuni ambayo waashi wetu huitumia kupanga msingi wa nyumba: 3, 4, 5. Toboa matundu manne kwa mashine, yenye umbali wa milimita 600 kwa X na 800 kwa Y. Mishazari yote miwili iwe milimita 1000. Kwa umbo hili, gawanya tofauti ya mishazari kwa 1.6. Tofauti yetu ya milimita 4 ilimaanisha daraja limekosea milimita 2.5 katika kila milimita 600 za upana. Kwa kuwa skrubu zetu zimeachana milimita 900, upande uliobaki nyuma ulihitaji kusogea milimita 3.75. Mzunguko mmoja wa skrubu ni milimita 5, hivyo tulizima umeme, tukalegeza kiungo cha mota ya upande huo, tukazungusha skrubu robo tatu ya mzunguko na kukaza. Kisha tukatoboa upya na kupima tena.

*Nne, kikatio kisimame wima.* Umeme ukiwa umezimwa, funga waya uliokunjwa kwenye kikatio na uzungushe kwa mkono juu ya meza. Ncha yake ikwaruze karatasi kwa uzito uleule mbele, nyuma, kushoto na kulia. Isipofanya hivyo, mbao hutoka na ngazi ndogo unazozihisi kwa kidole.

Msichanganye pembe na urefu. Ukiiagiza mashine iende milimita 500 nayo ikaenda 498, hilo ni kosa la hesabu ya hatua za mota, nalo husahihishwa kwenye programu. Pembe iliyotokana na daraja kukaa mshazari husahihishwa kwenye chuma.

Kwa nini kamati zijali

Wilaya ya Kilwa inajulikana kwa misitu yake ya vijiji. Mwaka 2009 baadhi ya misitu hiyo ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha uvunaji unaozingatia utunzaji. Mninga na mpingo huchukua miaka mingi kukomaa. Mbao iliyokatwa vibaya hairudi msituni, na fedha yake hairudi kwenye akaunti ya mradi.

Kwa hiyo tunaomba kamati zizingatie mambo matatu. Bajeti ya mashine yoyote iwe na siku za kunyoosha na mbao za bei nafuu za majaribio. Taarifa ya fundi ionyeshe vipimo vya mishazari yote miwili kabla ya malipo ya mwisho. Na vipimo virudiwe kila mashine inapohamishwa, pia baada ya masika, kwani meza ya mbao huvimba kwa unyevu.

Milango minne ya kwanza ilipunguzwa ikawa rafu za vitabu. Milango ya pili imekaa kwenye kabati na inafunga vizuri. Mwanakamati atakayepita Mitole aje na tepu yake, apime mwenyewe.